Naombeni ushauri: matairi ya baridi kwa Yaris (Vitz ya huku), yenye njumu au bila njumu?

Sakitu (Umeå, Uswidi), mwanzo wa Novemba

Wakuu, habari za jioni.

Tumehamia huku Umeå tangu Agosti, mke wangu anasoma, mimi nimepata kazi ya zamu. Naingia saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa hiyo basi la kwanza bado limelala. Tukajibana, tukanunua Toyota Yaris ya 2012, gia za mkono. Kwa walio nyumbani, hiyo ni Vitz ile ile mnayoijua, imebadilishwa jina na usukani tu. Leseni ya Tanzania inaniruhusu mwaka mmoja, baada ya hapo naanza moja.

Gari limekuja na matairi ya kiangazi. Saizi ni 175/65 R15, naiweka kabisa msije mkaniuliza. Sheria ya hapa inasema kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi, barabara ikiwa na theluji, barafu au uji wa theluji, lazima uwe na matairi ya baridi yenye kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini) isiyopungua kina cha milimita 3. Ukikamatwa bila hayo ni krona 1,200. Sasa niko njia panda:

Kuna jamaa mtaa wa pili anauza seti ya matairi ya njumu (yenye vipini vya chuma vya kuuma barafu) iliyotumika, pamoja na rimu zake, krona 1,200. Au ninunue mawili mapya ya mbele tu, maana gari linavuta kwa mbele, hayo ya nyuma yanafuata tu kama trela. Au nijilipue, ninunue manne mapya, kama krona 5,000 hivi yakiwa yamefungwa. Mfuko wangu unanisukuma kwenye hayo mawili ya mbele.

Na kabla hamjanicheka, mimi ni mtoto wa Makete. Sakitu, yaani ule umande ulioganda, nimezaliwa nayo, na nimepandisha Hiace Matamba kwenye utelezi wa masika. Ila juzi usiku ilinyesha mvua ikaganda papo hapo chini. Nilitoka kutupa taka tu, kwa miguu, nikaenda chini mgongo na mfuko wa taka ukanipita. Nililala pale naangalia nyota. Adabu ikanikaa.

---

ChaiNaTangawizi

Siti ya mbele nimekaa, karanga ninazo. Waje wajuzi.

---

MkenyaMinnesota

Buda, hiyo ya mbili mbele achana nayo kabisa. Mimi niliifanya na Honda Fit, mwaka wangu wa pili huku, kwa hesabu hiyo hiyo yako ya "za nyuma zinafuata tu".

Sikiza ilivyoenda. Natoka barabara kuu, naingia ile kona ya kutokea, speed si kubwa. Nikagusa breki. Mbele ikashika vizuri sana, nikafurahi nusu sekunde. Nyuma haikuwa na habari. Nilihisi kiti kinaenda upande kama mtu amenivuta shati, kikombe cha chai kikaruka kikapasukia kwa mlango, na nikajipata naangalia taa za watu waliokuwa nyuma yangu. Gari imegeuka kabisa. Bahati nzuri wa nyuma alikuwa ameacha nafasi.

Engine iko mbele, sawa. Lakini ukikanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele na nyuma inabaki nyepesi. Nyepesi plus matairi ya kiangazi ni kama kuvaa buti mguu mmoja na kandambili mguu wa pili halafu ushuke mlima. Gari ndogo ndiyo mbaya zaidi, nyuma haina kitu. Nne ama ubaki na basi.

Mambo ya njumu waulize wengine. Huku Minnesota, Marekani, mkaazi haruhusiwi kuweka za chuma, sisi ni raba tupu.

---

MamaPacha (Oulu, Ufini)

Sakitu mdogo wangu, karibu kwenye baridi. Niko Oulu mwaka wa 11, nahudumia wazee majumbani, siku moja naingia na kutoka kwenye gari mara kumi na tano. Nina Polo. Ngoja niandike kwa kirefu, mkichoka mtaruka.

Watu wanadhani tairi la baridi ni kashata nene. Kashata ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mpira wenyewe. Mpira wa kiangazi ukishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, ukifika hasi 15 umekuwa kama soli ya kiatu kilichokaa juani miaka. Wa baridi umechanganywa ubaki laini hata kwenye hasi 30. Halafu angalia kila kashata kwa karibu: imechanjwa chale nyembamba nyingi, kama za mganga. Tairi likikanyaga, zile chale zinafunguka na kuuma barafu, na zinanyonya ule utando wa maji uliopo juu.

Na huo utando ndio adui. Wageni wanaogopa hasi 25. Mimi hasi 25 naendesha nikiimba, barafu imekauka, mpira unaishika. Siku ninayoogopa ni ile ya nyuzi sifuri, hasi 1, hasi 2, barafu inang'aa kama imepakwa mafuta. Hapo ndipo njumu zinapolipa gharama yake. Ni vipini vyenye ncha ya madini magumu, vimetokeza kama milimita moja tu, lakini milimita hiyo inakwaruza barafu pale ambapo raba inaserereka.

Sasa usije ukachanganya. Matairi yasiyo na njumu ni ya aina mbili, na muuzaji mvivu hatakwambia. Kuna ya Ulaya ya kati, yametengenezwa kwa mvua, baridi ya wastani na mwendo wa kasi. Mpira wake ni mgumu zaidi. Na kuna ya kwetu Kaskazini, laini, yametengenezwa kwa barafu. Yote yana alama ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, kwa hiyo alama hiyo peke yake haikusaidii kutofautisha. Kwenye lebo ya Umoja wa Ulaya, ile iliyoanza Mei 2021, tafuta alama ya pili, ya barafu. Isipokuwepo, kwa Umeå liache hapo hapo dukani.

Wewe unatoka saa kumi na moja, kabla magari ya kumwaga changarawe hayajapita. Ningekuwa wewe, njumu. Manne.

Hiyo seti ya 1,200 usilipe kabla hujaikagua. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Bonyeza kashata kwa ukucha. Hesabu njumu zilizong'oka kila tairi, maana sheria hairuhusu tofauti kubwa kati ya tairi na tairi.

---

KonaYaMbali (Stuttgart, Ujerumani)

Dada MamaPacha heshima yako, lakini mnamtisha kijana. Mimi nina Opel Corsa, matairi ya misimu yote, mwaka wa tano sijabadilisha chochote. Akanunue ya misimu yote, basi, mwaka mzima amepumzika. Hakuna kuhifadhi, hakuna foleni ya fundi mwezi wa kumi. Wajerumani wenyewe wana msemo wa O mpaka O, toka Oktoba hadi Ostern, yaani Pasaka, lakini sheria haina tarehe, inaangalia hali ya barabara. Cha muhimu ni ile alama ya mlima. Tangu 1 Oktoba 2024 yale yenye herufi M+S (matope na theluji) peke yake hayahesabiki tena.

---

MamaPacha

Kona, Stuttgart theluji ikianguka asubuhi, jioni mnaitafuta. Umeå ikianguka Novemba unaiaga Aprili. Tairi la misimu yote ni kama koti la mvua: linafaa hapo ulipo. Huku wiki ya kwanza tu atatamani angenunua kitu kingine.

---

KonaYaMbali

Sawa, kwa Umeå nanyoosha mikono. Kwa Stuttgart sibadilishi neno.

---

Mwana_wa_Kivu (Tromsø, Norwe)

Jambo bandugu. Mimi wa Bukavu, niko huku juu kabisa, milima na bahari pamoja. Mama Pacha amesema kweli, naongeza kidogo tu ya mikono.

Tairi nyembamba si aibu. Vijana huku wanaweka mapana kwa urembo, halafu kwenye theluji laini gari inaelea kama mtumbwi. Hiyo 175 yako ni nzuri sana, inakata inafika chini. Usipanue.

Upepo pima kila wiki mbili, asubuhi kabla gari haijapata moto. Baridi inasinyaza hewa. Ukijaza ndani ya gereji yenye joto halafu ukatoka nje kwenye hasi 15, upepo umepungua na hakuna pancha. Karibu pointi moja na nusu (psi) kwa kila nyuzi 10.

Tatu, nati. Mwaka wangu wa kwanza nilibadilisha mwenyewe mbele ya nyumba, nimepiga magoti kwenye theluji, vidole vimekufa ganzi. Nikakaza, nikasifu Mungu, nikaenda. Siku ya tatu gari ikaanza kuimba, kuuu kuuu kuuu, upande wa kushoto nyuma. Nikafikiri ni beringi. Nikasimama karibu na daraja, nikagusa nati kwa mkono mtupu, ikazunguka. Kwa vidole! Kulikuwa na kutu na barafu kati ya rimu na kikombe cha gurudumu, ilipoyeyuka ikaacha nafasi. Tangu siku hiyo nasugua kwa brashi ya waya kwanza, nakaza kwa spana yenye kipimo, na baada ya kilomita kama 50 hadi 100 narudia. Yaris yako nati zinakazwa kwa niutoni mita 103.

---

FundiWaGerezani (Dar es Salaam)

Wakuu wa Ulaya, samahani naingilia na swali la joto. Mimi hapa Gerezani nafunga matairi. Vitz na IST zinazoshuka bandarini kutoka Japani, nyingine zinakuja na matairi yameandikwa STUDLESS ubavuni. Wateja wanayapenda kufa, maana kashata zimejaa na zina vimikato vingi, wanaona ni mapya. Baada ya miezi michache wananirudia, kashata imeliwa kama sabuni. Na kwenye mvua wanasema breki haishiki. Wananiambia mimi ndiye nimewabadilishia!

---

MamaPacha

Fundi, hayo ndiyo haya haya tunayoyazungumza. Japani walitunga sheria dhidi ya njumu za chuma mwaka 1990, kwa sababu zilikuwa zinasaga lami na vumbi linawaumiza watu wa miji kama Sendai na Sapporo. Ndiyo maana wanaandika STUDLESS, yaani la theluji ila halina njumu. Mpira wake umepikwa ukae kwenye barafu. Kwenye lami ya Dar, nyuzi 33, unakuwa kama ubani: unalegea, unasuguliwa, na kashata zinachezacheza ukikanyaga breki.

Na angalia kitu kingine: ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo kwenye nusu ya kina. Kashata ikifika pale, Mjapani anahesabu tairi limemaliza kazi ya theluji. Mengi yanayokuja kwenu yameshafika pale au yamekaribia. Mwambie mteja aweke ya kawaida.

---

FundiWaGerezani

Aisee! Huu ukurasa nauonyesha kwa kila mteja mbishi. Shukrani dada.

---

ChaiNaTangawizi

Kumbe nina IST. Nimetoka nje na tochi. Imeandikwa STUDLESS. Karanga zimenikwama.

---

Sakitu, siku nne baadaye

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilikwenda kwa yule jamaa wa 1,200. Mzee mpole, akanikaribisha na kahawa, matairi yako kwenye banda nyuma ya nyumba yamepangwa vizuri hadi nikaona aibu kuyakagua. Nikapiga goti na taa ya simu. DOT 3614. Yaani wiki ya 36 ya mwaka 2014, miaka 10. Nikabonyeza kwa ukucha kama alivyosema dada, ukucha ndio ukapinda. Tairi moja nikahesabu matundu matupu 23, njumu zimeng'oka zimeacha vishimo kama meno ya mtoto wa miaka saba. Kati ya kashata na kashata nyufa ndogo ndogo. Kina cha kashata kilikuwa milimita 6, sheria ingenipitisha bila neno! Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikamshukuru kwa kahawa nikaondoka.

Nimeenda dukani, nimenunua manne mapya ya njumu na rimu za chuma za mtumba, jumla krona 5,400. Mke wangu ameangalia risiti kimya, ukimya ule mnaoujua. 175/65 R15 84T. Muuzaji akanifafanulia kuwa 84 ni mzigo wa kilo 500 kwa tairi, T ni mwendo wa mwisho wa 190, ambao kwa Yaris hii labda nikiangushwa kutoka kwenye ndege. Akaniambia pia kilomita 500 za kwanza niendeshe taratibu, bila kuondoka kwa pupa wala kufunga breki kwa nguvu, ili njumu zikae vizuri kwenye vitundu vyake.

Tatizo moja: kelele. Kwenye lami kavu gari linalia kama unasaga mchele wenye mawe.

---

MamaPacha

Hongera. Kelele utaizoea, halafu itakuwa rafiki yako: kwenye lami kavu inalia, ukifika kwenye barafu inanyamaza ghafla. Ukisikia kimya, toa mguu kwenye mafuta.

---

KonaYaMbali

Hii ya kimya sijawahi kuisikia. Nimejifunza.

---

MkenyaMinnesota

Hata mimi. Na ukienda Stockholm kutembea, chunga, mtaa wa Hornsgatan njumu zimepigwa marufuku tangu 2010, sababu ni vumbi pia.

---

Sakitu, mwisho wa Januari

Nimeona niendeleze uzi wangu maana kuna watu wamenifuata kwa ujumbe wa faragha.

Wiki iliyopita nimefanya mafunzo ya utelezi, huku wanayaita halkbana, kila anayetafuta leseni ya Uswidi lazima apite. Ni uwanja umemwagwa barafu makusudi. Mwalimu ananiambia nenda 50, ukifika kwenye koni kanyaga breki mpaka chini. Mimi mguu ukagoma. Miaka yangu yote ya Matamba nimefundishwa kwenye utelezi breki uiguse kama yai, usije ukafunga magurudumu. Nikaigusa kama yai. Nikapita koni, nikapita na koni nyingine, nikasimama karibu na ukingo.

Mwalimu akacheka, turudi. Safari ya pili nikakanyaga kweli. Pedali ikaanza kutetemeka na kunipiga teke kwenye soli, grrrrr, nikataka kuachia, yeye anapiga kelele "håll, håll!", shikilia. Nikashikilia. Gari likasimama mapema kuliko mara ya kwanza, na usukani ulikuwa bado unanisikiliza. Ule mtetemo ndio ABS yenyewe, mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, inafanya kazi ya yai kwa niaba yako, mara nyingi kwa sekunde. Hiace yangu haikuwa nayo, ndiyo maana.

Kisha tukarudia mwendo 30 na 50, pale pale, breki ile ile. Hapo nilinyamaza. Tofauti ya kilomita 20 tu kwa saa, lakini umbali wa kusimama ulikuwa karibu mara tatu. Na hayo ni matairi ya shule, mazuri kuliko yangu.

Mengine niliyoyaokota kwa kuumia: kuondoka kwenye barafu natumia gia ya pili, klachi naachia kama sitaki. Nikikwama mbele ya nyumba siteketezi matairi, nafukua kwa koleo mbele na nyuma ya magurudumu, nasukasuka gari mbele na nyuma hadi litoke. Siku moja nilitandika zulia la mlangoni chini ya gurudumu. Gari likatoka, zulia likaruka uani kwa jirani, lipo mpaka leo chini ya theluji. Na kabla ya kuwasha injini ukiwa umekwama kwenye rundo, fukua ekzosi kwanza, moshi usije ukarudi ndani ukakuua umekaa.

---

Mwana_wa_Kivu

Zulia utalipata mwezi wa tano, ndugu.

---

Sakitu, 12 Aprili

Mwisho wa njumu ni tarehe 15, kwa hiyo leo nimezivua. Kilomita elfu sita na kidogo. Nimehesabu: zimeng'oka mbili tu, zote tairi la mbele kulia. Kashata bado milimita 8 mbele, 8 na nusu nyuma.

Nimeyaosha, nimeandika kwa chaki kila moja lilipokuwa: MK, MS, NK, NS, ili Oktoba ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaende nyuma. Yamelala chumba cha chini, gizani, yamepangana. Mke wangu amepita akauliza MS ni nini. Nikamwambia mbele kushoto. Akasema basi ungeandika MKSH, maana K hiyo hiyo ni ya kulia na ya kushoto, na S haianzi neno lolote hapo.

Nimefuta, nimeandika upya.

---

ChaiNaTangawizi

IST imeshavaa matairi ya kawaida, wakuu. Fundi amenipunguzia bei.

---

FundiWaGerezani

Sikukupunguzia. Umebakiza elfu ishirini.